Mgodi Una Siku ya Kufungwa: Mwongozo Kamili wa Maendeleo Yanayobaki Baada ya Madini

Mkulima akivuna, msimu ukirudi atapanda tena. Mwamba ukishatoa shaba au dhahabu yake, umetoa. Mgodi mmoja utaishi miaka kumi na mitano, mwingine hamsini, lakini kila mgodi una siku ya kufungwa, na mara nyingi siku hiyo huja mapema kuliko ilivyotangazwa kwa sababu bei ya soko imeanguka. Kwa hiyo anayetaka kusaidia maendeleo ya kudumu kwenye eneo la madini anapaswa kujiuliza jambo moja kila anapokaa mezani: mali hii inayotoka ardhini inageuzwa kuwa nini kabla haijaisha?

Mwongozo huu ni kwa viongozi wa vijiji, vikundi vya kijamii, maofisa mahusiano wa makampuni na watumishi wa serikali za mitaa. Unafuata maisha ya mgodi tangu utafiti hadi kufungwa. Ikiwa mgodi wenu tayari unafanya kazi, msikate tamaa: hatua nyingi zinaweza kuanza leo, ingawa mtalipa gharama ya kuchelewa.

Hatua ya 1: Mjue jamii ni nani

Mara nyingi kampuni huingia, hukutana na kiongozi anayetambulika, hupiga picha naye, kisha huandika kwamba jamii imeshirikishwa. Hapo ndipo migogoro mingi huzaliwa.

Chukueni ramani na mfuate maji, si mipaka ya utawala. Mto ukipita penye mgodi, walio kilomita thelathini chini yake ni sehemu ya jamii hata kama wako wilaya nyingine. Kisha fuateni barabara ya malori: vumbi na ajali vina watu wake. Halafu orodhesheni wanaopoteza mashamba, wafugaji wanaopita kwa msimu, wachimbaji wadogo waliokuwepo kabla ya leseni kubwa, wapangaji wasio na hati, na wanawake wanaolima ardhi iliyoandikwa kwa majina ya waume au kaka zao. Fidia ikienda kwa jina lililo kwenye hati peke yake, hawa wa mwisho huondoka mikono mitupu.

Mgodi wa shaba wa Panguna, kisiwani Bougainville nchini Papua New Guinea, ulianza uzalishaji mwaka 1972 na ukafungwa mwaka 1989. Wenye ardhi walilalamikia mgawo mdogo wa mapato na mto Jaba uliojaa mabaki ya mgodi. Wao kwa wao pia walikuwa wamegawanyika: vijana waliwapinga wazee waliokuwa wakisimamia mfuko wa fidia, wakiona fedha haziwafikii. Malalamiko yalizaa hujuma, na hujuma ikazaa vita vilivyodumu karibu miaka kumi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba orodha ya wahusika isomwe mbele ya mkutano wa hadhara, na kila kundi lipewe nafasi ya kusema nani amesahaulika. Vijana waitwe kwa jina, wasidhaniwe kuwa wamewakilishwa na wazee wao.

Hatua ya 2: Pimeni kila kitu kabla ya baruti ya kwanza

Kama mna nguvu ya kufanya hatua moja tu kati ya zote, fanyeni hii. Bila vipimo vya awali, siku kisima kitakapobadilika rangi mtaambiwa maji yalikuwa hivyo tangu zamani, na hamtakuwa na cha kujibu. Jambo hilo huwezekana kweli: maeneo yenye madini mara nyingi huwa na sumu ya arseniki ya asili kwenye maji yake. Vipimo vinalinda pande zote mbili.

Anzeni na maji. Miamba mingi yenye shaba, dhahabu au makaa ya mawe ina madini ya salfaidi, yaani yenye salfa ndani yake. Ikiwa imelala chini haina madhara makubwa. Ikivunjwa na kukutana na hewa na mvua, hutengeneza tindikali ya salfa, nayo tindikali huyeyusha metali nzito na kuzipeleka mtoni. Mchakato huo ukianza ni vigumu kuuzima, na unaweza kuendelea kwa vizazi.

Chagueni vituo vya kupimia: juu ya mgodi, chini yake, na kwenye visima vinavyotumika. Pimeni masika na kiangazi, angalau kwa mwaka mzima. Vipimo vitatu mnaweza kuvifanya wenyewe kwa kifaa cha mkononi: kiwango cha tindikali (pH), upitishaji umeme, na ukungu wa maji, yaani jinsi yalivyochafuka kwa tope. Upitishaji umeme ukipanda ghafla, chumvi au metali zimeongezeka. Hiyo ni ishara ya kupeleka sampuli maabara. Huko ombeni arseniki, risasi, zebaki, kadimiamu, shaba na salfeti. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa arseniki kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita, na kwa risasi ni hichohicho. Kila sampuli igawanywe chupa mbili, moja ya kampuni na moja yenu, na ziende maabara tofauti.

Udongo pia. Mji wa Kabwe nchini Zambia ulichimba risasi na zinki tangu mwanzoni mwa karne ya ishirini hadi mwaka 1994. Miongo mitatu baada ya kufungwa, risasi bado imo kwenye vumbi la viwanja ambamo watoto wanacheza, na kuitoa mwilini mwa mtoto ni kazi ngumu kuliko kuizuia isiingie.

Pigeni picha za kuta za nyumba zilizo karibu, zikiwa na tarehe, kabla ulipuaji haujaanza. Nyufa ndizo chanzo cha ugomvi usiokwisha. Andikeni mapato ya kaya, mazao, idadi ya mifugo, na magonjwa yanayoonekana zahanati. Nakala zihifadhiwe sehemu tatu zisizotegemeana. Daftari lililo kwa mtu mmoja litapotea siku litakapohitajika.

Hatua ya 3: Undeni chombo cha uamuzi, kisha mzungumzie ridhaa

Tamko la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la mwaka 2007 linataja ridhaa iliyo huru, iliyotolewa mapema, na yenye taarifa kamili. Hata pale sheria za nchi zisipoilazimisha kwa kila jamii, maneno hayo matatu ni kipimo kizuri. Huru: hakuna askari mlangoni wala bahasha mezani. Mapema: kabla ya leseni ya uchimbaji, si baada ya mitambo kufika. Taarifa kamili: ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ielezwe kwa lugha ya watu, pamoja na hasara zake.

Kamati iwe na wajumbe waliochaguliwa na makundi yao, wenye kipindi kinachojulikana na wanaoweza kuondolewa. Posho zao zitoke kwenye mfuko wa pamoja, wala si mkononi mwa ofisa wa kampuni. Na dai la kwanza la kamati liwe fedha za kuajiri mwanasheria na mtaalamu wa madini wao wenyewe. Makampuni makini hukubali kulipa, kwa sababu mkataba uliosainiwa na watu walioelewa hudumu zaidi.

Hatua ya 4: Andikeni mkataba unaopimika

Ahadi ya mdomo huhama na meneja aliyeitoa, na mameneja wa migodi huhama kila baada ya miaka michache. Kila ahadi iandikwe na vitu vinne: nini, lini, nani analipa, na nini kitatokea isipotimizwa. “Kampuni itasaidia elimu” ni sentensi tupu. “Kampuni italipia mafunzo ya ufundi ya vijana 40 kila mwaka, nusu yao wasichana, na isipofanya hivyo italipa gharama hiyo kwenye mfuko wa jamii ndani ya siku 60” ni mkataba.

Wekeni kipengele cha mgodi kuuzwa, kwamba mnunuzi anarithi wajibu wote. Migodi huuzwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa inapokaribia kuisha, na wanunuzi wa mwisho huwa na mifuko mifupi. Wekeni pia kupitiwa upya kila miaka mitano. Na mkataba uchapishwe. Nchi wanachama wa Mpango wa Uwazi katika Tasnia ya Uchimbaji, EITI, zinatakiwa kuweka wazi mikataba ya uchimbaji iliyosainiwa au kurekebishwa tangu 1 Januari 2021. Kama nchi yenu ni mwanachama, iombeni kwa kutaja sharti hilo.

Kuhusu kuhamishwa makazi nitasema moja tu: fidia ya fedha taslimu peke yake huisha haraka na kumwacha mtu bila ardhi. Viwango vya IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni binafsi, vya mwaka 2012, vinadai thamani kamili ya kurudisha kilichopotea na kurejeshwa kwa njia ya kipato. Ardhi kwa ardhi iwe chaguo la kwanza kwa anayeishi kwa kilimo.

Hatua ya 5: Fedha: chanzo, njia na akiba

Hapa tukae kidogo, kwa sababu neno moja kwenye mkataba linaweza kuwapotezea mamilioni. Neno hilo ni “faida”.

Tuseme mgodi umeuza madini ya milioni 100 kwa mwaka. Mnaambiwa mchague: asilimia 1 ya mauzo au asilimia 5 ya faida. Tano inaonekana kubwa. Lakini mgodi una gharama, una mitambo inayohesabiwa kuchakaa, na una riba ya mkopo uliotoka kwa kampuni mama yenyewe. Vikijumlishwa vyote, faida inabaki milioni 4. Asilimia 5 yake ni laki mbili; asilimia 1 ya mauzo ingekuwa milioni nzima. Na katika miaka ya mwanzo, kabla mtaji haujarudi, faida kwenye vitabu inaweza kuwa sifuri kabisa. Mauzo ni rahisi kuyakagua. Faida inahitaji mhasibu, na mhasibu huyo ni wa kampuni.

Huko Ahafo, Ghana, makubaliano ya mwaka 2008 yalichanganya njia mbili: dola 1 kwa kila wakia ya dhahabu inayouzwa, na asilimia 1 ya faida kabla ya kodi. Uzuri wa sehemu ya kwanza ni kwamba mtu yeyote anaweza kuihesabu. Udhaifu wake ni kwamba dola hiyo haikui bei ya dhahabu inapopanda, nayo imepanda sana tangu wakati huo. Mkiiga mfano huo, fungeni kiasi kwenye bei ya soko.

Sheria nyingine huweka viwango zenyewe. Marekebisho ya mwaka 2018 ya sheria ya madini ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yanataka angalau asilimia 0.3 ya mauzo iende kwenye maendeleo ya jamii. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inatenga asilimia 10 ya mrabaha, yaani malipo ambayo mgodi huilipa serikali kwa madini unayoyatoa, kwa jamii inayozunguka mgodi. Lakini kilichoandikwa kwenye sheria na kilichofika kijijini ni vitu viwili. Ulizeni: akaunti ipi? Inaingizwa tarehe gani? Nani anasaini? Majibu yabandikwe ukutani, mahali ambapo bibi anayepita sokoni atayasoma au kusomewa.

Kisha matumizi. Majengo yanapendwa kwa sababu yanapigwa picha, lakini zahanati bila mshahara wa muuguzi ni kuta tu. Kabla ya kujenga chochote, pateni barua ya serikali inayosema nani atalipa watumishi, dawa na matengenezo, na mgodi ukifungwa nani ataendelea. Mimi ningekataa jengo lisilo na barua hiyo, hata kama limeshapata mfadhili.

Tengeni akiba tangu malipo ya kwanza. Sehemu moja kati ya tano ya kila mapato iwekwe kwenye uwekezaji salama usioguswa mpaka uchimbaji ukome. Miaka ya neema watu watadai igawiwe, na kamati italaumiwa. Ndiyo sababu kanuni ya akiba iwe ndani ya mkataba wenyewe, isiweze kubadilishwa kwa kura ya mkutano mmoja.

Hatua ya 6: Manunuzi kwanza, ajira pili

Vijana huulizia ajira, na ni haki yao. Lakini mgodi wa kisasa huajiri wengi wakati wa ujenzi, kisha huwapunguza mitambo ikianza. Tangu mwaka 2008 kuna malori yasiyo na dereva yakifanya kazi kwenye migodi ya chuma ya Pilbara, Australia. Msimwahidi kijana kazi ya udereva ya miaka thelathini.

Fedha nyingi zaidi ziko kwenye manunuzi: chakula cha wafanyakazi, sare, useremala, uchomeleaji, usafiri, ukarabati wa magari, ulinzi, miche ya kurudishia uoto. Mgodi hutumia kwenye mambo hayo kiasi kinachozidi sana bajeti yake ya misaada ya kijamii. Tena fundi aliyejifunza kuchomelea kwa viwango vya mgodi atauza ujuzi huo popote hata lango likifungwa.

Kinachowazuia wazabuni wadogo kwa kawaida si uvivu. Kwanza, zabuni hutangazwa kwa wingi ambao mmoja wao hawezi kuumudu. Ombeni igawanywe vipande. Pili, malipo huchelewa siku 60 au 90, na mwenye mtaji mdogo hufa kabla ya ankara yake kulipwa. Dai la kulipwa ndani ya siku 15 lina thamani kuliko semina kumi za ujasiriamali. Tatu, neno “mzawa wa eneo” huachwa bila maana, hivyo kampuni ya mjini hufungua kibanda karibu na lango na kujiita ya kwenu. Fafanueni neno hilo kwa umiliki, makazi na mahali wafanyakazi wanakotoka. Nne, matangazo huja ghafla. Ombeni orodha ya mahitaji ya mwaka ujao, ili ushirika wa wakulima ujue kabla ya msimu kwamba mgodi utahitaji tani ngapi za mboga.

Tahadhari moja: mzabuni asimtegemee mteja mmoja. Anayeuza kila kitu mgodini atazama na mgodi. Lengo la nusu ya mauzo nje ya mgodi ifikapo mwaka wa tano ni gumu, lakini lifuatilieni.

Hatua ya 7: Wachimbaji wadogo ni sehemu ya mpango

Kuwafukuza hakujawahi kuwamaliza. Tengeni maeneo ambayo kampuni haiyahitaji, wapatieni leseni kupitia vikundi, na muwaunganishe na wanunuzi halali.

Zebaki ndiyo hatari kubwa kwenye dhahabu. Mkataba wa Minamata, unaofanya kazi tangu mwaka 2017, unataja mambo manne ya kukomesha: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha kusafishwa, kuchoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki hadharani, kuuchoma kwenye makazi, na kutumia sayanaidi kwenye mabaki ambayo bado yana zebaki. Anzeni na la tatu. Mvuke jikoni humpata mama mjamzito na mtoto mchanga kabla ya mtu mwingine yeyote. Kigida, yaani chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki, humpa mchimbaji sababu ya kukitumia: zebaki iliyonaswa hainunuliwi tena.

Kusaga mawe nyumbani pia kukome. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara nchini Nigeria, watoto wasiopungua 400 walikufa kwa sumu ya risasi iliyokuwa kwenye mawe ya dhahabu yaliyosagwa ndani ya viwanja vya familia. Hakuna aliyejua mawe yale yalikuwa na risasi. Kipimo cha awali cha mwamba kingewaambia.

Hatua ya 8: Ulinzi wa kila siku

Ulizeni bwawa la tope sumu, yaani la mabaki yanayosalia baada ya madini kutolewa, liko wapi, limejengwa kwa njia gani, na likipasuka tope litafika wapi na baada ya dakika ngapi. Huko Brumadinho, Brazili, tarehe 25 Januari 2019 bwawa lilipasuka na watu 270 wakafa. Ofisi na bwalo la chakula la mgodi vilikuwa chini ya bwawa hilo, na ving’ora havikulia. Kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mabwawa hayo kilitolewa Agosti 2020 kutokana na janga hilo, nacho kinataka taarifa zitolewe hadharani na jamii ishiriki kujiandaa kwa dharura. Ombeni ramani ya mafuriko, na mfanye zoezi la kukimbia mara mbili kwa mwaka, mara moja usiku.

Malalamiko yawe na daftari lenye namba, siku ya kupokelewa na siku ya kujibiwa. Mlalamikaji awe na mahali pa kukata rufaa nje ya kampuni. Mgodi ukiwa na fedha za IFC, ofisi yake ya malalamiko, CAO, hupokea barua moja kwa moja kutoka kwa jamii, kwa lugha yao.

Hatua ya 9: Kufunga, tangu mwaka wa kwanza

Mpango wa kufunga uandikwe kabla ya kufungua, na gharama yake iwekwe kama dhamana ya benki ambayo serikali inaweza kuichukua kampuni ikifilisika. Kiasi kikokotolewe upya kila mgodi unapopanuka. Ukarabati ufanyike sambamba na uchimbaji: kifusi cha mwaka jana kifukiwe na kupandwa mwaka huu, kwa udongo wa juu uliohifadhiwa tangu mwanzo.

Amueni mapema ardhi itatumika kwa nini. Mgodi wa dhahabu wa Kidston, Australia, ulifungwa mwaka 2001, na sasa eneo lake lina shamba la umeme wa jua. Mgodi wa makaa ya mawe wa Zollverein huko Essen, Ujerumani, ulifungwa mwaka 1986, na mwaka 2001 ukaingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Sehemu zote mbili zilikuwa na miundombinu ya kutumia tena, yaani nyaya, barabara, reli na majengo. Kwa hiyo, katika mkataba wenu, andikeni ni vitu gani havitabomolewa: laini ya umeme, mabomba ya maji, karakana, uwanja wa ndege. Mkikaa kimya, mpango wa kawaida ni kung’oa vyote.

Miaka mitatu kabla ya lango kufungwa, wafanyakazi waanze kupewa vyeti vinavyotambulika nje ya sekta, na kamati ianze kuendesha mfuko bila msaada wa kampuni. Upimaji wa maji usiachwe siku ya mwisho. Wafundisheni walimu na wanafunzi wa sekondari kupima vituo vilevile vya hatua ya pili, kwa kifaa kilekile, na wawekewe bajeti ya maabara kutoka kwenye akiba, kwa sababu tindikali inaweza kuanza kutoka miaka kumi baada ya mlinzi wa mwisho kuondoka.